Majemadari wa Mwalimu

Mwalimu wa historia hakukubali mtu aseme mbele yake kwamba glasi imevunjika. Angeweka kikombe chake chini na kuuliza nani ameivunja. Yeye alikuwa Mkenya na mimi mtu wa Tanga, kwa hiyo mwanzoni nilidhani ananichokoza kwa Kiswahili changu. Baadaye nikajua kwamba ndivyo alivyo kwa kila mtu na kwa kila lugha. Alisema maneno yetu yana upole kupita kiasi: chakula kimeungua, fedha zimepotea, vita vimezuka, na nyuma ya upole huo wamejificha watu wenye majina na vyeo. Mwanafunzi akiandika kwamba vita vilizuka, alirudishiwa daftari lenye neno moja pembeni kwa wino wa kijani: nani?

Tulifanya kazi pamoja Riyadh, kwenye shule ya watoto wa wageni. Mimi nilikuwa nesi wa shule. Yeye alinikuta, au tuseme mimi nilimkuta, akiwa ameshakaa kule hata walinzi wa zamani walikuwa wamesahau alikuja lini. Kila mwanzo wa wiki alifika zahanati kupima presha. Alikunja mkono wa shati polepole, akatulia mpaka mashine imalize, halafu akauliza, "Iko aje, Sista?" kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya jirani.

Wanafunzi walimwita Mister Yaban, yaani Bwana Japani. Mtaala ulimtaka afundishe Ulaya, akafundisha Ulaya, lakini kila njia aliyopita mwisho wake ulikuwa Tokyo. Na si Tokyo ya magari na redio. Alizungumza juu ya watu: majemadari, maadmirali, mawaziri wakuu, wale walioichukua nchi iliyojifungia na kuifanya dola yenye kutisha, kisha wakaipeleka motoni. Aliwajua kama sisi wengine tunavyowajua wajomba zetu. Alijua nani alipenda kucheza kamari, nani aliandika mashairi, nani alikuwa na tumbo bovu.

Nyumba yake ilikuwa ghorofa moja juu ya yetu, na mume wangu alipokuwa bado mzima wa mguu (alivunjika baadaye akiwa kazini, na Mwalimu akauliza nani aliacha ngazi pale) sisi ndio tuliopanda kwake mara kwa mara kumpelekea wali na samaki. Ukuta wa sebule ulijaa picha za wanaume wa Kijapani. Walikuwa na ndevu nyeupe, miwani ya mviringo, nishani mpaka tumboni. Hakukuwa na picha nyingine yoyote, wala ya mke, wala ya watoto. Mwenye nyumba alipokuja kukagua mabomba alisimama akazitazama kwa wasiwasi, akamwuliza mume wangu kwa Kiarabu kama yule Mkenya anawaabudu wale wazee. Dereva mmoja wa basi la shule, Mkenya mwenzake, yeye alidhani ni picha za mabosi wake wa zamani, na alimwonea huruma kwa kubadilisha makafili, waajiri wanaoshika vibali vya wageni, wengi hivyo.

Kumbe hakuwaabudu. Aliwashitaki. Kila picha ilikuwa na kesi yake, na akila wali wetu alikuwa akizisikiliza upya. Kulikuwa na jemadari aliyepoteza wanawe wote wawili vitani, katika vita alivyoviongoza yeye mwenyewe, na miaka mingi baadaye, siku ya mazishi ya mfalme wake, akajiua pamoja na mkewe. Nchi nzima ilimlilia kama shujaa. Mwalimu aliuliza kila mara: na mke? Nani alimwuliza mke? Kulikuwa na admirali aliyesoma Marekani, akawajua Wamarekani na viwanda vyao, akapinga vita dhidi yao kwa muda mrefu, kisha alipoona haviepukiki akakaa chini na kupanga shambulio la kwanza kwa ustadi ambao dunia haijausahau.

Na karibu na mlango, peke yake, palikuwa na picha ya raia. Huyo hakuwa mwanajeshi. Aliwahi kuwa waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje. Habari za unyama wa wanajeshi katika mji wa China walioushinda zilimfikia mezani, akauliza kidogo, akaahidiwa kwamba mambo yatarekebishwa, akanyamaza. Baada ya vita washindi walimweka kizimbani, na huko pia akakataa kusema lolote la kujitetea. Walimnyonga pamoja na majemadari. Nilimwuliza Mwalimu kwa nini huyo hakumweka na wenzake.

"Hao wengine nawashangaa tu," akasema. "Huyu ndiye ninayemwogopa. Nataka nimwone kila nikitoka."

Sababu ya yote hayo nilielezwa mara moja tu, na kwa ufupi. Baba yake alikuwa askari wa Keya. Waingereza walimchukua kutoka Ukambani wakampeleka misitu ya Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na masikio mabovu na tabia ya kutokaa na mgongo kwa mlango. Hakuwachukia Wajapani. Alisema tu kwamba hakuwahi kujua walikuwa wanataka nini, na kwamba hata wale aliowaua huenda hawakujua. Mwalimu alipokuwa mtoto aliona hilo ni jambo la ajabu kuliko yote: mtu kutoka Kitui na mtu kutoka kijiji cha Japani, kila mmoja ametumwa na watu wasiomjua, wanakutana kwenye matope na kumalizana. Waliomtuma baba yake walikuwa wameshaandikwa sana vitabuni. Yeye akaamua kuwatafuta waliomtuma yule mwingine.

Ijumaa asubuhi alikwenda soko la Al-Dirah. Palikuwa na duka la chai la Myemeni, jirani na wauza vitambaa, na pale walikusanyika madereva na walinzi wa Kikenya waliokuwa na mapumziko. Mume wangu alipenda kwenda kuwasikiliza, nami nikishanunua viungo vyangu niliwapitia. Wengine walileta habari za mpira na za makafili. Mwalimu alileta majemadari. Kisa walichokipenda kuliko vyote ni cha waziri wa fedha, mzee mnene mwenye ndevu, ambaye ujanani alipelekwa Marekani kusoma. Kule akatia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma, na akaja kugundua kwamba amejiweka utumwani kwenye nyumba ya watu.

"Kwani hata yeye alikuwa na kafili?" dereva mmoja akauliza, na meza nzima ikacheka.

Mwalimu aliwaeleza jinsi kijana huyo alivyojinasua, akapanda mpaka akawa waziri mkuu, na uzeeni akiwa waziri wa fedha akawanyima wanajeshi mamilioni waliyoyataka. Maofisa vijana wakaingia chumbani kwake wakamuua kitandani. Kicheko kilikwisha. Wale wanaume walitazama vikombe vyao. Nadhani kila mmoja alikuwa akifikiria karatasi aliyotia sahihi kwa wakala Nairobi.

Siku nyingine yule dereva alimwuliza kuhusu admirali wa shambulio. Kama alijua watashindwa, mbona hakuacha kazi?

"Na wewe bosi akikwambia upite taa nyekundu?" Mwalimu akamwuliza.

"Napita, Mwalimu. Faini inaandikwa jina lake."

Wote walicheka tena. Mwalimu hakucheka. Alikuwa hivyo: aliwafanya watu wacheke kisha akabaki peke yake ng'ambo ya kicheko, kama mtu aliyeachwa na gari.

Upweke wake haukuwa wa kulalamika. Alipika kila siku chakula cha watu wawili, cha pili akakiweka kwenye friji akakila kesho yake, kwa hiyo maisha yake yote kule alikuwa anakula cha jana. Watoto wake walikuwa wakubwa, Machakos na Nairobi. Aliwapigia Jumamosi. Nilikuwepo mara moja alipopiga. Aliuliza kuhusu masomo, mvua na afya, akajibiwa, na kisha pande zote mbili zikatafuta neno la kuongeza zikakosa. Mkewe aliolewa kwingine miaka mingi nyuma, na hilo alilieleza bila uchungu: alisema mwanamke alisubiri mtu, akaletewa fedha, na fedha hazifungui mlango usiku mtu akibisha. Alikuwa mkarimu kwa kila mtu na hakuwa na rafiki hata mmoja, isipokuwa pengine mwalimu wa kemia.

Mwalimu wa kemia alikuwa mama wa Kisudani, mrefu, mcheshi, mwenye sauti iliyosikika kupitia kuta. Alimcheka waziwazi. Aliingia chumba cha walimu akauliza, "Leo umemnyonga nani, Ustadh?" naye akamjibu kwa heshima zote, akitaja cheo cha marehemu. Walibishana juu ya mambo hayo wakati wa chai. Yeye alisema Mwalimu anawahukumu wafu kwa sababu hawawezi kumjibu. Mwalimu alifurahi kusikia hivyo. Ni yeye pekee niliyewahi kumwona akimfanya atabasamu mpaka macho yakajifunga.

Ndiyo sababu yaliyotokea yaliniuma. Au niseme kama ambavyo yeye angetaka: ndiyo sababu walichofanya kiliniuma.

Siku ya mtihani wa kemia, mama huyo na Mwalimu walisimamia ukumbi pamoja. Kijana mmoja, mpwa wa mwenye shule, alikamatwa na simu chini ya karatasi, majibu yamo humo. Mwalimu ndiye aliyemwona kwanza akamwonyesha mwenzake kwa macho. Mama akachukua simu, akamwandikia sifuri. Siku chache baadaye mkuu wa shule alimtaka aibadilishe alama. Akakataa. Basi hadithi ikageuzwa: ikasemwa kwamba hakukuwa na simu yoyote, kwamba mwalimu wa kemia alimwonea mtoto kwa kuwa familia ilikataa kumlipa masomo ya jioni.

Waliitisha kikao cha walimu. Mimi sikualikwa, manesi hatukuhesabiwa. Lakini mama mwenyewe alikuja zahanati baadaye kuniaga, akanieleza. Mkuu wa shule alisoma tuhuma. Kisha akauliza kama kuna mwalimu aliyeona tofauti. Mama akageuka kumtazama Mwalimu wa historia, bila hata wasiwasi, kama mtu anayegeuka kuchukua mwavuli wake. Mwalimu alikuwa anatazama meza. Aliendelea kuitazama. Mkuu akasema halas, kikao kimekwisha.

Hakuna aliyepiga kelele. Kabla ya mwisho wa mwezi mama yule alikuwa amegongewa viza ya kuondoka moja kwa moja, akarudi Khartoum na watoto wake.

Mwalimu hakuja kupima presha wiki ile wala iliyofuata. Nilipanda kwake na wali. Alifungua mlango, nikaona kuta nyeupe zenye alama za misumari. Aliwaondoa wote. Nilimwuliza amefanya nini, maana nilitaka nilisikie kutoka kwake.

"Imetokea, Sista," akasema.

"Imetokea yenyewe?"

Alikaa kwenye kochi. Aliniambia kwamba ikama yake, kibali cha kukaa nchini, ilikuwa inakaribia kuisha, kwamba mwenye shule ndiye kafili wake, kwamba alikuwa amebakiza muda kidogo mwanawe wa mwisho amalize chuo. Aliyasema haya moja baada ya jingine, kwa sauti ya kufundishia, na kila aliposema moja alitikisa kichwa kulikataa yeye mwenyewe. Mwisho akasema kwamba alipokuwa anatazama ile meza hakufikiria kitu chochote. Hapo ndipo palipomtisha. Miaka yote alidhani wale mawaziri walipokaa mbele ya mfalme wao, wakakubali vita mmoja baada ya mwingine, walikuwa na hoja vichwani. Sasa alijua kwamba huenda hawakuwa na kitu. Mtu anatazama mbao za meza, na dakika inapita.

Niliacha sahani nikashuka.

Alimaliza mkataba akahama. Tulisikia yuko Jeddah, amepata kazi ya kuwafundisha watoto wa nyumba moja kubwa kule Al-Hamra. Alituma salamu za Idi kila mwaka ingawa yeye ni Mkristo, na kila mwaka zilikuwa maneno yaleyale. Kisha vita vikaanza Sudan. Najua angeniuliza nani alivianzisha, na safari hii kila mtu aliwajua kwa majina, majemadari wawili. Tuliona kwenye televisheni meli zikileta watu Jeddah kutoka ng'ambo ya bahari, wanawake wenye mifuko ya plastiki na watoto waliolala wakiwa wamesimama.

Mimi na mume wangu tulikwenda Umra baada ya hapo, na tulipomaliza ibada tukakaa Jeddah siku mbili kwa jamaa. Nilimpigia Mwalimu. Sauti yake ilishtuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake njiani. Akasema ni Ijumaa, na Ijumaa baada ya Alasiri anakwenda mtaa wa Karantina kufundisha, lakini kama sina haraka twende pamoja. Mume wangu alikuwa amechoka na mguu wake, akaniambia niende, nimsalimie.

Nilimpitia kwa teksi Al-Hamra. Alitoka kwenye mlango mdogo wa pembeni, wa wafanyakazi, amekonda, shati limepigwa pasi vizuri mno. Njiani alinieleza. Alisikia kutoka kwa mwalimu mwenzetu wa zamani kwamba mama wa kemia amefika kwa meli na watoto, amepanga chumba Karantina. Alikaa siku nyingi bila kwenda. Kisha akaenda, akasimama mlangoni akaanza kusema aliyoyaandaa: kikao, meza, simu ya yule kijana, ukimya wake. Mama alimsikiliza mpaka katikati.

"Akaniambia, Ustadh, nyumba yangu imeungua. Mdogo wangu amezikwa uani kwa sababu hatukuweza kufika makaburini. Na wewe umeniletea habari za mtihani?" Akanigeukia. "Sista, nilikuwa nimebeba kitu hicho kutoka Riyadh. Nikafika nikakuta hana mahali pa kukiweka."

Alitaka kuondoka. Mama akamwita akiwa ngazini. Binti yake alikuwa hajaingia darasani tangu vita, na shule za hapa hazikumpokea bila karatasi. Akamwuliza kama ana nafasi siku za Ijumaa.

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu, kwenye jengo ambalo kamba za nguo ziliziba dirisha. Mama wa kemia alinikumbatia, akanishika uso kwa mikono miwili, akacheka ile sauti yake na kulia kidogo, akamwulizia mume wangu, akaulizia Tanga. Kwa Mwalimu alisema, "Hayyak, Ustadh," yaani karibu, bila kumtazama, na yeye akaitikia akainamisha kichwa. Binti alikuwa ameshatandika kitambaa mezani, amepanga kalamu. Uso wake uliangaza Mwalimu alipoketi. Alikuwa na maswali tayari, alikuwa ameyaandika.

Mama alileta chai, akaweka glasi mbele ya Mwalimu kwa adabu yote, sukari pembeni, kisha akanichukua mimi chumba cha ndani na kuufunga mlango. Tukakaa kitandani. Kupitia mlango nilisikia sauti ya Mwalimu ikieleza jambo, ya binti ikipinga, na kisha wote wawili wakicheka. Mama alisikia pia. Alikuwa anakunja nguo za watoto, akaendelea kukunja.

Nilimwuliza kama hukaa nao wanapofundishana. Akasema hapana, huwa anakuja huku ndani.

"Umemsamehe?" nikamwuliza.

Alifikiria kweli, sikumwona akitafuta jibu la kunifurahisha. "Nilimwambia aje amfundishe mtoto," akasema. "Sikumwambia kitu kingine." Akaikunja fulana ndogo, akailaza juu ya nyingine. Kisha akaongeza neno moja tu, huku akielekeza kichwa mlangoni. "Anafundisha kuwayis." Vizuri.

Tuliondoka kabla ya Magharibi. Kwenye teksi, tulipokaribia Al-Hamra na bahari ikaanza kuonekana kati ya majumba, Mwalimu akaniuliza, akitazama nje, kama kuna lolote mama alilosema juu yake. Nikamwambia alisema unafundisha vizuri.

Gari lilisimama kwenye ule mlango mdogo. Alishuka, akanishukuru, akaniagiza nimsalimie mume wangu. Halafu hakuufunga mlango wa gari. Alisimama ameushika.

"Alitumia neno gani, Sista?"

"Kuwayis."

"Kuwayis jiddan, vizuri sana, au kuwayis tu?"

"Kuwayis tu, Mwalimu."

Alilitafakari hilo, huku dereva akigongagonga usukani kwa vidole. Kisha akafunga mlango taratibu, kwa mikono miwili, akatoa funguo mfukoni akaingia ndani.